Daftari la Mfongo

Mimi ndiye katibu. Daftari hili limelowa mara mbili
na bado lina majina thelathini na tisa, na zamu zao:
nani anafungulia maji saa kumi alfajiri,
nani saa sita, jua likiwa utosini,
nani alilala, maji yakampita
yakaenda kuinywesha barabara.

Mwaka ule mruka ulipoanguka
hatukusikia shoka. Tulisikia mfongo.
Ulikuwa ukiongea kutwa nyuma ya migomba,
ukaanza kunong'ona,
kisha ukanyamaza kama mtu aliyetukanwa ugenini.
Nikapanda na panga hadi Uru juu, kwenye jicho la maji,
nikakuta kisiki, bado kinatoa utomvu,
na vumbi la mbao jeupe kama unga wa sikukuu.

Walikuja watu wa gari jipya.
Wakatugawia kofia, na bango: TUTUNZE MAZINGIRA.
Tukasaini posho, tukala wali,
tukafundishwa maana ya neno mazingira.
Mama Aifena, ambaye kiangazi anajua maji yamelala wapi
kwa kukanyaga tu, pekupeku,
hakuulizwa kitu. Alikuwa jikoni, anapakua.
Bango Kiwelu ameezekea banda la mbuzi.
Halivuji.

Bwana shamba wetu safari hii ni binti,
Namnyaki, alikuja kwa miguu kutoka stendi
na fito tatu, kamba, na jiwe.
Akazifunga zikawa kama mtu aliyepanua miguu,
jiwe likining'inia kifuani.
"Tusiuamrishe mteremko," akasema. "Tuuulize."
Jiwe likitulia katikati, hapo pako sawa. Piga kigingi.
Aifena akashika mguu mmoja wa fito, akacheka:
"Kumbe kisigino changu kina ndugu!"
Na kweli, vigingi vilifuata njia yake ya kwenda kuteka,
hatua kwa hatua, kuzunguka kilima,
hadi mpakani kwa Ndekirwa.

Hapo tukasimama.

Kila mtu alijua. Mabinti wawili, ada ya shule,
na bei ya kahawa mwaka ule msiniulize,
niliiandika ukurasa wa kumi na moja
nikaona haya kuisoma kwa sauti.
Nani kati yetu hajawahi kuutazama mti
akaona sare, madaftari, nauli ya kwenda bweni?
Wengine walitaka faini. Wengine walitaja polisi.
Ndekirwa akatoka ndani na jani la isale,
amelishika kwa mikono miwili,
na mtu mzima akikuletea isale
unameza mate na hasira, funda moja.
Hakusema neno. Akampa Aifena.
Aifena akaligeuzageuza kama anakagua risiti.
"Limefika. Haya, jembe lako liko wapi?"

Siku tisa za msaragambo.
Tulichimba makinga maji, tukapanda mabingobingo juu ya matuta,
tukabeba samadi kwa karai, kwa gunia, kwa beseni la harusi ya mtu.
Sitaandika kwamba tulishinda.
Masika yalibomoa matuta mawili, tukagombana,
watatu walihama kikundi, mmoja akarudi usiku
akijifanya ametafuta kuku.
Ila udongo wetu, huu mwekundu,
uliozoea kushuka Moshi mjini kila mvua bila nauli,
mwaka huu umelala nyumbani.

Kuhusu maji, nitasema nilichosikia tu.
Juzi alfajiri, tochi mdomoni,
niliondoa bonge la tope kwenye mlango wa mfongo.
Yakapita. Si mengi.
Yalipapasa, yakasita kwenye jani,
kama mgeni aliyesahau njia
na anaona aibu kuuliza.

Nikafungua daftari juu ya goti.
Zamu: Ndekirwa.
Miche aliyopanda chanzoni: kumi na minne.
Iliyokufa: mitatu.
Sababu: mbuzi.
Kiwelu aulizwe.